Gari Lisilolaliwa

Kundi lilikuwa na sheria nyingi kuliko wanachama. Niliingizwa asubuhi moja nikiwa nyumbani Kitale, nimeketi barazani na kikombe cha chai, na kabla sijasalimia mtu nikatumiwa ukurasa mzima wa makatazo. Usitume mahubiri. Usiuze kuku. Usitume picha ya gari lenye matope. Usiite kombi "matatu," hata kwa mzaha. Mwenyekiti alikuwa wakili wa mjini Bungoma, na aliandika kwenye simu kama vile hakimu yuko mbele yake. "Mheshimiwa mgeni," aliniambia, "jitambulishe kwa picha ya nje, ya ndani, na ya injini."

Lilikuwa kundi jipya la watu wenye kombi za zamani za kulala, zile zenye kitanda nyuma, jiko dogo kando ya mlango, na paa linaloinuliwa ili mtu asimame bila kugonga kichwa. Watu wazima kabisa, wenye kazi na wajukuu, walikuwa wakiamkiana kila asubuhi kwa picha za vioo vya taa. Mimi sikuingia humo kwa mapenzi. Nilikuwa natafuta mpira wa paa.

Mama mkwe wangu alikuwa mgonjwa kwake Myanga, na mke wangu alikuwa amehamia huko kumtunza. Nami niko Kitale, mwalimu wa useremala niliyestaafu, napika ugali wa mtu mmoja na kuzungumza na redio. Shida haikuwa mwendo. Shida ilikuwa mahali pa kulala. Kwetu, mwanamume halali chini ya paa la mama mkwe wake. Hamshikani mkono, hamtazamani usoni, na yeye naye hakanyagi mahali unapolala wewe. Si uadui; ndiyo heshima yenyewe, na sisi wawili tulikuwa tumeitunza tangu nilipooa. Shemeji yangu wa pekee angekuwa amejenga kibanda chake pale bomani ningelala kwake, lakini huyo aliishia Mombasa na kibanda chake kiliishia mdomoni. Kwa hiyo kila nilipokwenda kumwona mke wangu nilirudi siku hiyo hiyo, au nililala kwenye gesti ya sokoni ambapo muziki wa baa hupita chini ya mlango.

Ndipo nikakumbuka kombi. Ilikuwa imesimama nyuma ya karakana yangu miaka na mikaka. Niliipata kwa mzee mmoja Singasinga aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitale. Nilimtengenezea rafu za duka lake lote, na alipohamia kwa watoto wake akaniachia gari ambalo alikuwa akipeleka familia mlimani Elgon siku za sikukuu. Injini yake ilishakufa, nikapachika ya gari la Kijapani. Kitanda nilikitengeneza upya kwa mikono yangu. Kilichobaki ni mpira unaozunguka paa, maana ulikuwa umekauka na kupasuka, na mvua ya Kitale haina huruma. Nilijiambia: hii ni nyumba yangu, ina magurudumu, na haiko chini ya paa la mtu.

Nikatuma picha. Ya nje walikaa kimya. Ya ndani mmoja akaandika, "Kitanda safi, bloda." Ya injini ndiyo iliyowasha moto.

"Ati hiyo ni nini?"

"Si hiyo ni injini ya kubebea viazi, bana!"

"Hii ni matatu imevaa suti ya harusi," akaandika mwingine, na kumbe mzaha ule uliokatazwa ulikuwa unaruhusiwa ukielekezwa kwangu.

Mwenyekiti aliingia mwisho, taratibu, kama mtu anayesoma hukumu. Kundi, alieleza, lipo kwa ajili ya kombi orijino. Hata hivyo, kwa moyo wa udugu, nisingefukuzwa. Ningewekwa kuwa Mwanachama Mtazamaji. Maana yake nilikuwa na ruhusa ya kusoma kila kitu na kutoandika chochote. Kuhusu mpira wa paa, yeye alikuwa nao, wa akiba, ungali kwenye karatasi yake ya kiwandani, lakini usingeweza kwenda kwenye gari lenye damu mchanganyiko. Alitumia maneno hayo hayo, damu mchanganyiko, kuhusu gari.

Nikabaki kutazama. Na nilitazama kwa bidii, maana dharau nayo inataka chakula chake. Kulikuwa na bibi mmoja wa hapa Kitale ambaye kombi yake ilikuwa imeota maua mpaka kwenye usukani, naye akiiita "mradi." Kulikuwa na bwana wa Webuye ambaye hakuwa na gari hata kidogo; alikuwa na usukani tu, ameutundika sebuleni, na yeye alikuwa mwanachama kamili kwa sababu usukani ulikuwa orijino. Waliulizana mafuta gani ni mazuri kwa safari ndefu, na hakuna aliyekwenda popote. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hawa walikuwa debe lililopakwa rangi na kupigwa picha.

Kisha wakatangaza kambi yao ya kwanza, uwanjani Mabanga. Watazamaji pia walialikwa, mradi waegeshe pembeni. Nilikwenda, kwa sababu ilikuwa njiani kwenda kwa mke wangu na kwa sababu nilitaka kujionea. Kombi nyingine zililetwa juu ya lori, kama ng'ombe wanaopelekwa mnadani. Walitandaza viti vya kukunja, wakavaa kofia za mwindaji, wakawasha jiko dogo ili lipigwe picha na kulizima kabla ya chai kuchemka. Jua lilipoanza kushuka nikaona jambo ambalo sikulitarajia hata kwao: walifunga magari yao kwa ufunguo, mmoja mmoja, wakaenda kulala hotelini mjini.

Kombi ya mwenyekiti ndiyo iliyokuwa katikati, rangi ya maziwa juu na samawati chini, inang'aa kama sahani ya wageni. Nikachungulia ndani. Kitanda kilikuwa kimefunikwa nailoni, ile ya kiwandani, haijawahi kutolewa. Nikamuuliza kama ni kizuri kulalia.

"Mheshimiwa," akasema, amenyooka na suti yake, "hakuna mtu amewahi kulala humu. Na hakuna atakayelala."

Alisema hivyo kwa fahari ya mzazi anayetangaza digrii ya binti yake. Nikaondoka kabla sijamchekea usoni. Nikampigia mke wangu na kumwigizia sauti, mheshimiwa na yote, na nikamsikia akimsimulia mama yake kwa Kibukusu. Kisha nikasikia mama mkwe akicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chake kikiwa wazi hivyo, maana mbele yangu alijizuia daima, na kilinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

"Lakini wewe," mke wangu akaniambia, "usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Uzazi gani?" nikamjibu. "Mtu gani atawahi kumhitaji yule?"

Mpira wa paa niliutengeneza mwenyewe kwa matairi ya ndani ya baiskeli, nikaubandika kwa gundi ya viatu. Ulivuja kidogo upande wa miguu. Nikaingia Myanga na gari langu la damu mchanganyiko, nikaegesha nyuma ya jikoni ya mama mkwe, na hapo nikaishi. Nilikuwa nimemkosa mke wangu, nasema bila aibu. Jioni aliniletea ugali na mboga za kienyeji, akaketi kwenye kidaraja cha mlango, tukaongea hadi mama yake amwite. Mchana nilitengeneza viti vilivyovunjika vya boma lile. Mama mkwe alipotoka kuota jua nilizunguka upande wa pili, na nilipotoka mimi yeye alivuta leso kichwani. Kila mtu alikuwa mahali pake. Nilijiona mtu mwenye akili kuliko kundi zima, na kwa kweli nilikuwa.

Asubuhi moja pumzi zikamkaba. Dada wa zahanati alikuja akamsikiliza kifua na kusema apelekwe hospitali Bungoma mara moja, na apelekwe amelala, asikalishwe. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Bodaboda haikufaa. Ambulensi ilikuwa mbali, imembeba mgonjwa mwingine. Lakini mimi nilikuwa na gari lenye kitanda, nje ya mlango wake! Nikafungua mlango wa kombi mpaka mwisho, nikawasha injini ile waliyoicheka, ikanguruma mara moja. Kisha nikajificha nyuma ya ukuta wa jikoni, kama inavyopasa, ili mke wangu na majirani wampitishe.

Nikasikia miguu yao kwenye matope. Nikasikia ikisimama.

"Mama, panda," mke wangu akasema.

"Hapana."

"Mama, ni gari tu."

"Gari ni ya kwenda," mama mkwe akasema, akivuta pumzi kila baada ya neno. "Hii ni nyumba. Mkwe wangu amerara humu. Siwezi."

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hicho. Nilipolala ndani ya kombi usiku wa kwanza tu, ilikuwa imeacha kuwa gari, ikawa chumba changu cha kulala, na hakuna mama mkwe wa kwetu ambaye angelala kwenye kitanda cha mkwe wake, hata kifo kikiwa kinabisha hodi. Nikapiga kelele kutoka pale pale, bila kujionyesha, kwamba watoe godoro, watoe blanketi, waoshe kwa maji. Wakatoa. Nikasikia godoro langu likianguka kwenye nyasi.

"Kitanda ukitoa, chumba inabaki chumba," akasema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananiheshimu, na heshima hiyo ilikuwa inamuua.

Wakamkalisha kwenye kiti nilichokuwa nimekitengeneza mimi. Kisha akaanza kusema kitu kwa Kibukusu, polepole, na mke wangu akaja mbio nyuma ya jikoni, macho yamemtoka.

"Anamtaka yule mtu wako."

"Mtu wangu gani?"

"Wa nailoni. Anasema ile gari haijalaliwa na mtu. Anasema hiyo atapanda."

Sikuweza kuandika kwenye kundi, nilikuwa Mtazamaji. Nikatafuta nambari ya mwenyekiti na kumpigia, na nikamweleza yote kwa haraka, mkwe, kitanda, pumzi. Nilitegemea anitajie kifungu cha sheria.

"Myanga sehemu gani?" akauliza.

Nikamwelekeza.

"Na nailoni, niitoe ama niache?"

"Iache," nikasema.

Alikuja. Nilimwona kupitia ufa wa ukuta, kombi ya maziwa na samawati ikipanda ile njia ya matope, ikiteleza, matope yakiruka hadi kwenye vioo, naye kwenye usukani amevaa suti ya mahakamani. Akashuka, viatu vikazama, hakuviangalia. Akamsalimia mama mkwe wangu kwa mikono miwili. Mimi, kwa ndoa yangu yote, sijawahi kumshika mkono.

"Kuna mtu amerara humo?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama," akasema. "Hakuna."

Majirani wakamwinua. Nailoni ikalia chini yake alipolazwa. Mke wangu akaingia akakaa karibu na kichwa chake, mlango ukafungwa, na wakaondoka, nami nikatoka nyuma ya jikoni kwenda kuokota godoro langu.

Alipona. Ilichukua muda, lakini alipona, na siku ya kurudi nyumbani hakukuwa na mjadala kuhusu gari litakalomleta. Jogoo alichinjwa. Wanawake walipika tangu asubuhi, majirani wakaja, na mwenyekiti akaketishwa sebuleni, kwenye nyumba ambayo mimi siruhusiwi kulala, mbele ya mama mkwe ambaye mimi siruhusiwi kumtazama. Mke wangu aliniletea sahani yangu kwenye kombi. Ilikuwa na bawa na shingo. Nikamuuliza firigisi iko wapi, maana kwetu firigisi hupewa mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote. Aligeuza uso kuelekea nyumbani, na nikakisikia kicheko cha mama yake kikitoka dirishani, wazi kabisa, cha mtu asiye na haja ya kujizuia.

Jioni simu ikalia. Kwenye kundi, mwenyekiti alikuwa ametuma picha ya kitanda chake: nailoni imechanika, ina matope, katikati imebonyea. Bwana wa usukani akaandika, "Pole sana chair, hiyo itatoka na maji moto." Bibi wa maua akauliza nani amefanya unyama huo. Niliyajua majibu yote. Nilikuwa nimeegesha hatua chache kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Niligusa mahali pa kuandikia, na simu ikanikumbusha kwamba mimi ni Mtazamaji.