Bei ya Kupunguza Mwendo

Mama Cherehani alikuwa na akiba ya miaka mitatu ndani ya kopo la vifungo, na akiba hiyo ilikuwa ya cherehani ya umeme, si ya kitu kingine. Magoti yake yalikuwa yamechoka kukanyaga pedeli. Sasa ukisikia mtu wa magoti hayo amekwenda kwa fundi wa kompyuta za magari na kopo lake kwapani, utadhani na kichwa nacho kimeharibika. Wala. Alikuwa na akili zake timamu, na alikuwa na mume.

Mume alikuwa dereva wa lori mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Mzee Honi, kwa sababu penye kushika breki yeye alipiga honi. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza ukungu, lakini kwa daktari wa macho alizitaja herufi zote za ukutani bila kukosea, maana mgonjwa aliyemtangulia alizisoma kwa sauti. Kila asubuhi alimpeleka mjukuu wao shuleni kwa gari lake, mbio, utadhani shule inahama. Wiki hiyo alikuwa amemkosakosa mwendesha baiskeli kwa upana wa kiganja, akarudi nyumbani akiilaumu baiskeli. Tangu siku hiyo usingizi ukampaa Mama Cherehani. Aliogopa, basi.

Gari lilifikishwa gereji na kaka yake, kwa kisingizio cha kulipeleka kuoshwa. Gereji yenyewe ilikuwa safi kuliko jiko lake.

"Niongeze nguvu kiasi gani, mama?" fundi aliuliza.

"Punguza."

Fundi akainua macho kutoka kwenye kompyuta yake. "Watu hunilipa kuongeza."

"Mimi si watu. Lisizidi hamsini. Na mwenyewe asijue."

"Sawa. Bei ni ile ile."

"Ile ile? Unanipunguzia halafu nikulipe?"

"Na kinyozi je, mama?"

Mama Cherehani akaliteremsha kopo kutoka kwapani. Alilishika lile kopo kitambo. Akamfikiria mjukuu kwenye kiti cha nyuma, na begi lake kubwa kuliko mgongo. Akafungua. Fundi akachomeka waya chini ya usukani, akabonyezabonyeza nusu saa, na cherehani ya umeme ikaisha hivyo hivyo bila hata mlio. Gari likaoshwa pia, ili uongo usiwe mwingi.

Jumatatu Mzee Honi alirudi kutoka shuleni kimya. Jumanne akabadilisha plagi. Jumatano akamwaga mafuta ya injini, akatia mapya. Alhamisi alilala chini ya gari asubuhi nzima, akitukana taratibu. Ijumaa mkewe alimkuta amekaa ndani ya gari uani, injini imezimwa, mikono kwenye usukani.

"Limekufa, mama watoto," alisema. "Nimeliua mwenyewe kwa mbio zangu." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Kesho naliuza. Asiyeweza kutunza gari atambebaje mtoto?"

Haya, Mama Cherehani alikuwa amepata zaidi ya alicholipia. Kilichobaki ni kunyamaza tu. Lakini roho ilimuuma, akafungua mlango wa abiria, akaketi.

"Hujaliua, mzee wangu. Nimelipunguza mimi. Kwa kompyuta."

Mzee Honi alitazama mbele, kwenye ukuta wa choo. "Kwa bei gani?"

"Cherehani."

"Ya umeme?"

"Ya umeme."

Mzee Honi akamgeukia. "Si ungeniambia nipunguze mwendo?"

"Nimekwambia miaka thelathini na moja!"

"Ulinipigia kelele. Kelele mimi ndiyo kazi niliyofanya. Hujawahi kuniambia unaogopa."

Mama Cherehani aliipekua miaka yote thelathini na moja, mwaka mmoja mmoja, akitafuta hata siku moja ya kumrushia usoni. Hakuiona.

"Naogopa," akasema.

Mzee Honi akachomoa ufunguo, akamwekea mkononi.

"Hilo," alisema, "ningelisikia."