Bei ya Gari Iliyowahi Kupinduka

Baba alipofariki alituachia shamba la mikarafuu, ambalo halikuleta ugomvi, na Landrova kuukuu, ambayo ndiyo inayoniandikisha haya. Warithi tulikuwa wawili, mie na kaka yangu. Mama alikwisha kutangulia. Alifia ndani ya gari hiyo hiyo, kwenye mteremko wa njia ya Makangale, tukirudi na magunia ya karafuu. Mie nilitolewa chini ya magunia, nyonga imevunjika, na tangu hapo natembea kwa upande.

Aliyeendesha ni kaka yangu. Fundi alikwisha kumwambia kuwa mpira wa breki umekwisha, naye kajibu, "Tumalize karafuu kwanza." Nilisikia kwa masikio yangu. Nayasema kwa sababu kwetu watu husema ajali ilitokea, kama vile mvua ilinyesha, na aliyeshika usukani hatajwi.

Kaka aliipeleka gari Madungu kwa fundi wa bodi. Paa likagongwa likanyooka, ikapakwa rangi ya kijani kama ile ya mwanzo, ikafichwa bandani. Baba hakuwa na moyo wa kuitazama, wala wa kuiuza.

Mnunuzi alitoka Unguja, mtu wa kukusanya magari ya zamani, na kitabu chake cha bei mkononi. Sikujua kama kuna kitabu cha namna hiyo. Shule niliiacha mapema, na chenyewe cha Kiingereza, lakini siku aliyokuja mara ya kwanza alinifahamisha kwa adabu. Kila aina ya gari ina ukurasa wake, na kila ukurasa una madaraja manne. La kwanza ni gari kama imetoka kiwandani jana. La mwisho ni ile ya kung'olewa vipuri tu. Bei ya kitabu si amri, alisema, ni pa kuanzia mazungumzo. Muuzaji hutazama juu, mnunuzi hutazama chini, kisha gari yenyewe huulizwa: injini ni ile ile? Rangi ni ya kwanza? Imewahi kupinduka?

Suali hilo la mwisho lilinikaa. Miaka yote ile hakuna jamaa yetu aliyewahi kuliuliza.

Siku ya kuuziana, kabla mgeni hajafika, kaka kanifuata jikoni.

"Dada, leo we kaa huku, umpikie mgeni chai."

"Chai ishapikwa."

"Basi kaa nayo."

"Waogopa mguu wangu utasema?"

"Mguu hausemi. Msemaji ni wewe. Na thuluthi ya bei ni yako, fungu lako la urithi, ujue. Bati unazozililia kila masika zitatoka mle bandani."

Hapo hakusema uongo. Nyumba yangu ilikuwa ikivuja mpaka kitandani.

Naye alikuwa na kinga yake. Kwetu anayeuza kitu kikuukuu husema mbele ya shahidi, "Nakuuzia na aibu zake," asije akadaiwa Akhera. Yapasa aibu zenyewe, yaani kasoro za kitu, azitaje. Lakini kaka, kama wengi, huyatumia maneno hayo kama dawa: akishayasema, kapona.

Mgeni alipofika bandani kainama, kapapasa chesisi, kisha kagonga paa kwa kifundo cha kidole. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia.

"Hapa pamejazwa pati ya kuzibia mibonyeo. Paa limenyooshwa, mzee?"

"Nakuuzia na aibu zake zote," kajibu kaka. Imamu, aliyekuwa shahidi wetu, kainamisha kichwa.

"Sawa. Lakini aibu ipi?"

"Zote."

Mgeni kacheka. "Zote haimo kitabuni, mzee wangu."

"Ilipinduka," nikasema. "Mie na mama tulikuwa ndani. Nilobaki ni mie."

Mgeni kasoma innalillahi, kafungua ukurasa, na kidole chake kikashuka daraja zima. "Bado gari nzuri, Bi. Ila kwa bei tuliyozungumza siiwezi tena."

"Umeona?" kaka kanigeukia. "Umejikata mwenyewe!"

"Mie nimejikata thuluthi moja. Zako mbili hesabu mwenyewe."

Nilikitazama kile kitabu. Kinajua paa lililobonyea lapunguza kiasi gani. Nyonga haimo, wala mama, na sikilaumu, ni kitabu cha magari. Ila kiliuliza.

Kisha mgeni, si kwa ajili ya bei, kauliza kama mtu yeyote aulizavyo: "Nani alikuwa anaendesha?"

Nilimwachia kaka ajibu. Kaka kaiangalia milango ya banda, kaangalia chini.

"Mimi," kasema.

Kamwambia mtu wa Unguja, bei ishashuka, neno lenyewe halimgharimu kitu tena. Mie hajaniambia hadi leo. Sikumsamehe, wala siandiki hapa kuwa nimemsamehe. Ila imamu kalisikia.