Barua ya Mtu Aliyekonda Kama Sindano

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mume wangu alikwenda kufanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu Geita. Aliniacha na mama yake kijijini, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Sisi wawili hatukujua kusoma. Barua yake ya kwanza ilipofika, tuliipeleka kwa mwalimu wa shule ya kijiji, naye akatusomea:

"Mke wangu, tangu niuache ugali wako nimekonda kama sindano. Juzi upepo ulinibeba ukanitupa ng'ambo ya mgodi. Machozi yangu yamejaza ndoo saba."

Niliinamisha uso kwa haya. Mama mkwe akashika kichwa. "Mwanangu anakufa!"

"Hafi, mama," mwalimu alisema, akijizuia kucheka. "Hiyo ni chuku."

"Chuku ni ugonjwa gani tena?"

Mwalimu alieleza kwamba ni namna ya kusema tu, mtu hulikuza jambo ili uone lilivyomgusa. Mama mkwe, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mwanawe hajawahi kumdanganya.

Mimi nilikuwa nimeelewa. Ningeweza kumtuliza kwa Kisukuma. Nilinyamaza, maana nilitaka twende Geita kwa mume wangu.

Tulisaga mtama, tukafunga michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga na kibuyu cha samli. Tukachukua na jogoo. Treni mpaka Mwanza, boti kuvuka ziwa, kisha lori lililojaa wachimbaji, na jogoo akiwika njia nzima.

Tulimkuta kambini amekaa kwenye gogo, anakula samaki. Mashavu yamejaa, shati limembana tumboni.

"Mayu! Shikamoo! Mmefikaje huku?"

Mama yake hakuitikia. Alimzunguka mara mbili, akimbonyeza ubavuni. "Mifupa iko wapi?"

Mume wangu alinitazama. Nilitazama chini, mabega yakitikisika kwa kicheko. Wenzake walipokisikia kisa, waliangua kicheko, na mama mkwe mwenyewe akashindwa kujizuia. Akakaa mavumbini, akifuta macho kwa kanga. "Marahaba," akasema hatimaye.

Jogoo tulimla jioni ile pamoja na wachimbaji sita. Wiki mbili baadaye, mama mkwe alipokuwa akirudi Shinyanga, alinizuia nisifungashe.

"Wewe baki na mumeo," alisema. "Akikuandikia tena kwamba amekonda, mimi kuja huku kwa boti sirudii."

Nilikaa Geita miaka mitatu, na mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kule.