Santuri Niliyoisafisha kwa Spiriti

Mbinga yote inajua kwamba stashahada yangu ya elektroniki sikununuliwa na mjomba. Nilitoka kijijini Mapera na begi moja, nikajisomesha Dar es Salaam kwa kufunga nyaya kwenye nyumba za watu, na nimerudi na karakana isiyo na mfano hapa mjini. Kwa hiyo mwalimu wangu wa zamani wa kwaya aliponiletea santuri aliyoachiwa na mapadre, nilimwambia, "Jumapili baada ya Misa njoo usikilize."

Ni muziki wa karne za nyuma, uliotungwa kwa kinanda cha mabomba, ila humo unapigwa na okestra nzima. Kwa kuusikiliza huo ndipo alipojifunza kupiga kinanda cha parokia. Sasa sikio moja limekufa na la pili linafifia. Alitaka kuusikia tena kabla halijaziba. Nakala nyingine hana.

Jumamosi niliisafisha kwa spiriti, kama ninavyosafisha kila kitu. Kitambaa kikatoka cheusi. Nikadhani ni uchafu, nikasugua tena. Ndipo nikaona mistari ya ukingoni imelainika, inang'aa kama kioo. Santuri za zamani si plastiki, spiriti huziyeyusha. Mimi ninayefungua televisheni bila glavu nilikaa chini. Sikula siku ile.

Jumapili alifika na koti lake la kanisani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mhandisi. Mbona umekuwa kama mtu wa malaria?"

Nilikuwa nimepanga kusingizia uzee wa santuri. Ulimi ukakataa. Nikamweleza yote.

"Na diploma yote ile," alisema. Akavuta kiti, akaelekeza sikio lililobaki kwenye spika. "Weka."

Sindano ya gramafoni iliteleza, ikakwaruza, ikanguruma kama mvua juu ya bati. Niliogopa hata kumtazama. Kisha, karibu na katikati, iliposhika mistari mizima, violini zikaingia, na chini yake zile besi nene zinazoshika kazi ya miguu ya mpiga kinanda. Viatu vyake vikaanza kukanyaga sakafu, kisigino, kidole, kisigino.

Upande ukaisha. Alibaki ameinama.

"Upande wa pili je?"

"Huo sijaugusa, Mwalimu."

"Vizuri. Kaa hapo hapo," akasema, akainuka. "Nitageuza mwenyewe."