Daraja Jepesi Kuliko Yote

Mama alipoambiwa kwamba mwanawe anazalisha madaraja kwenye kompyuta, alicheka mpaka akashika ubavu. "Yaani wajukuu wa chuma unao, wa damu ndio wamekushinda?"

Sikuwa na namna nyingine ya kumweleza. Chuoni Korogwe, nilikokuwa nafundisha, niliunganisha kompyuta nane kuukuu zigawane kazi. Kila moja ilikuwa na kundi lake la michoro ya daraja la waenda kwa miguu, lile lililosubiriwa miaka mingi kwetu Kwamsisi. Michoro dhaifu ilifutwa, mizuri ikachanganywa ikazaa mingine, na kila baada ya vizazi kadhaa kompyuta ziliazimana iliyo bora. Nilitaka daraja jepesi kuliko yote, ilimradi lisianguke. Programu ya namna hiyo haina huruma. Mzigo ambao hukuiambia, kwake haupo, na chuma cha kuubeba itakipunguza.

Niliiambia kuhusu watu wanaopishana, baiskeli, pikipiki yenye magunia. Siku ya tatu mchoro ukatulia, nami nikajiona bingwa.

Fundi wa kuchomelea aliuangalia mara mbili. "Mhandisi, mbona vyuma vyembamba hivi? Mimi naogopa."

"Kompyuta nane zimekubali, wewe nani?" nilimjibu. Kauli ile inanitia aibu mpaka leo.

Daraja likajengwa. Wanafunzi wakaacha kuzunguka, mama akawa analipita kwenda shambani huku akilisifia kwa majirani. Nilipolikanyaga peke yangu lilitoa mlio mwembamba chini ya miguu. Nikajiambia ni boliti mpya.

Masika yaliyofuata mama alifariki. Makaburi yetu yako ng'ambo ya mto. Nilikuwa mbele, jeneza begani, na kama ilivyo desturi kila mwanamume alitaka kutia bega lake, hata kwa hatua mbili, apate thawabu. Walisongamana kulia na kushoto wakipokezana, mwendo wa haraka, miguu ikipiga chini kwa pamoja. Tulipolikaribia daraja ndipo nilipokumbuka. Programu sikuiambia habari za mazishi. Mimi niliyemzika baba kijiji hikihiki nilisahau jinsi tunavyozika.

"Simameni!" nilipiga kelele. "Tusipite juu. Tushukie majini."

Baba mdogo, aliyeshika upande wa pili, alidhani ni uchungu. "Mwanangu, maji yanafika kiunoni. Si daraja lako hili?"

"Ni langu, baba. Ndiyo maana."

Baba mdogo alilitazama daraja, kisha akanigeukia.

"Na watoto wa shule?" aliuliza polepole. "Kengele ikilia si wanalikimbilia wote kwa pamoja?"

Mama alikuwa mzito begani. Nikatangulia kushuka majini.