Nilichanjwa ndui kwa jina la Karisa, Changamwe ya baada ya vita

Wakuu, marahaba. Najua hamjaniamkia, lakini kwa umri wangu naitikia kabisa tusipotezeane muda. Nachapa kwa kidole kimoja, na wallahi sitii chumvi.

Vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha juzijuzi. Mimi na rafiki yangu Karisa, mtu wa Rabai, tulikuwa vibarua wa bandarini, tukikaa Changamwe. Miaka nenda rudi tuliomba zahanati. Watoto wanakufa kwa surua, wakubwa wanatwambia subirini.

Siku moja ikaja habari: meli iliyopakia kwetu imezuiwa ng'ambo, baharia wake ana ndui.

Lo! Wiki haikwisha, wauguzi wamejaa Changamwe kama siafu. Ulaya ilikuwa na njaa ya pamba na katani, ndipo miili yetu ikakumbukwa. Kumbe tungekohoa ndani ya meli tangu zamani!

Amri ikatoka: huna cheti cha chanjo, huna kazi.

Karisa akagoma. Uvumi ulienea kwamba chanjo inakata uzazi, eti Wazungu wanataka tupungue. Hebu fikirini, tupungue halafu magunia abebe nani? Lakini yeye alikuwa ameoa karibuni, na mkewe Kadzo ana mimba ya kwanza. Alitaka watoto wajae nyumba.

"Kachanjwe wewe kwa jina langu, ndugu yangu," akaniambia. "Wewe hata mchumba huna."

Nikacheka, nikakubali.

Asubuhi nikatoa mkono wa kushoto kwa jina langu. Adhuhuri nikabadili kofia, nikaenda kituo cha Port Reitz, nikatoa wa kulia, nikajiita Karisa. Karani hakuinua hata uso.

Tukajiona wajanja, tukapongezana kwa chai na mahamri.

Mwezi haukupita, Karisa akashikwa na ndui. Kadzo akamuuguza, naye ikampata. Karisa alipona, uso umetoboka. Kadzo akafa na mimba yake.

Bandari haikusimama hata siku moja. Vyeti vyote vilikuwa sawa, na meli zikapokelewa huko zilikokwenda.

Nilichojifunza: mkubwa anayekujali kwa sababu ya mzigo wake, mtukane utakavyo, ila dawa yake ipokee kwa mkono wako mwenyewe.

Wenye babu waliokuwa bandarini enzi hizo, semeni mliyosikia. Na wa kunilaumu mnilaumu, maana Karisa hakunilaumu. Hakuoa tena, na mpaka anakufa aliniita ndugu.