Ndege ya Nyota Iliyochoma Wavu wa Mukwe

Ile siku naikumbuka, mwanangu, hata kama sipendi. Nimechoka, mugongo unauma, lakini kaa nikuambie, maana wewe unasoma na mimi sikufika darasa la tatu.

Nilikuwa nimeoa binti wa Kibemba hapa Nchelenge, Chileshe. Desturi yao unaijua: unakaa kwa mukwe, unamufanyia kazi, mpaka aseme mwenyewe, chukua muke yako mwende. Nilivuta wavu wake mwaka muzima. Na mama yangu, ng'ambo ya ziwa, Congo, alikuwa mugonjwa. Alituma neno: mulete muke yako nimuone. Bila ruhusa ya mukwe, Chileshe hawezi kuvuka.

Siku ya ruhusa ikakaribia. Nikataka batu ba kwao banione mutu wa maana.

Kulikuwa na muzungu aliyenunua samaki kwangu. Alipohama aliniachia boksi: roketi ndogo ya kujenga mwenyewe. Bomba la karatasi ngumu, mabawa ya mbao nyepesi, pua ya plastiki, injini ya baruti kama kidole. Na karatasi ya maelezo, Kiingereza kitupu. Chileshe alikuwa amefika gredi ya saba.

"Lete nikusomee."

"Mimi fundi wa mitumbwi, nifundishwe na karatasi?"

Akacheka. "Haya, fundi. Ikikuangukia kichwani usiniite."

Roketi tupu sikuitaka. Kwenye video kule Kashikishi nilikuwa nimeona vyombo vya kwenda kwenye nyota, vina mabawa na mota nyuma. Nikakata makopo ya samaki, yakawa mabawa marefu. Chupa nne za dawa nikazibandika mukiani, ndizo mota. Karatasi ya kung'aa ya sigara ikawa madirisha. Juu, rangi ya bluu ya mitumbwi. Ilikuwa nzuri, sikufichi. Halafu nikafikiri kama mutu wa ziwa: mutumbwi wa mota tunaulemeza nyuma, pua ipande mawimbi. Nikafunga mukiani vipande vitatu vya risasi, vile vizito vya kuzamisha wavu.

Mchana wa siku yenyewe batu bakakusanyika kwenye muchanga, chisense, dagaa za ziwa letu, zimeanikwa pembeni. Nikawasha. Ikapanda kidogo juu ya vichwa, ikageuka, ikakimbia chini-chini kama mbwa aliyepigwa jiwe, mpaka ndani ya wavu wa mukwe uliokuwa unakauka kwenye miti. Nailoni haichelewi. Tulipoleta maji, nusu imekwisha.

"Shemeji amefika kwenye nyota!" akapiga kelele ndugu mumoja wa Chileshe. Batu bakacheka sana.

Mukwe hakucheka. Alimuambia Chileshe alete ile karatasi, asome. Akasoma: uzito unakaa kwenye pua, ukikaa nyuma, itageuka.

"Karatasi hii ilikuwa ndani ya nyumba yako?"

"Ndiyo, batata," nikajibu, maana kwa Kibemba ndivyo tunavyomuita baba.

"Na mwenye kuisoma?"

Nikamuelekeza Chileshe kwa kidevu.

"Wavu utaushona," akasema. "Lakini binti yangu analala pembeni yako na wewe unaona hajui kitu. Nimupe mutu kama huyo, aende naye mbali? Kaa mwaka mwingine."

Nikakaa. Nikaushona wavu ule, fundo kwa fundo, mpaka vidole vikapasuka. Mama hakungoja. Chileshe alimuona kaburini.

Baada ya hapo nimejenga mitumbwi mingi, na nyumba ya mabati, bila cheti cha mutu yeyote. Najivunia, ndiyo. Ila hakuna hata mutumbwi mumoja unaoweza kunirudisha mwaka ule.

Basi sikia, mutoto yangu. Kitu hukijui, sema sikijui. Kama anayekijua ni muke yako, au mutu uliyezoea kumutuma maji, mupe nafasi aseme, na wewe funga mudomo mpaka amalize. Haya si ya kupendeza masikio. Nimeyalipia.

Mungu akulinde na kiburi chako mwenyewe. Akubariki mikono na nyumba, na akufikishe kwa batu bako wakati bado banakungoja.